Kiwanja cha Mama Ghaith

Benchi letu pale Izki, Oman, lilikuwa kiti cha nyuma cha Landkruza, kimeng'olewa na kuegemezwa ukutani mwa duka la spea la Turki, kinatazama kituo cha teksi za Nizwa. Springi moja ilikuwa imetoboa ngozi upande wa kushoto, kwa hivyo upande huo hukaa aliyechelewa. Baada ya alasiri, kila siku isipokuwa Ijumaa, tulikuwa wanne. Harub tukimwita Balozi, kwa kuwa mwaka sabini na tatu aliwahi kutafsiri barua moja ya ubalozi, na tangu siku hiyo hajateremka kwenye cheo. Turki mwenye duka tukimwita Bara, maana ni mzaliwa wa Musoma, na hamalizi sentensi bila ya "pointi". Marhun, mkubwa wetu kwa umri, mpishi mstaafu wa jeshi, ndiye mleta kahawa; jina lake Methali, maana anazo tele na hajui hata moja inapokwenda. Na miye ni Nasr, dereva wa teksi, kazi yangu benchini kusikiliza mpaka abiria wajae. Haya yalianza mwaka elfu mbili na nane, mwezi wa Novemba, na yalimtokea mke wa Balozi, bibi ambaye hajapata kukaa benchi lile hata siku moja.

Siku yalipoanza, Bara alitoka dukani na gazeti, mikono imejaa grisi.

Bara: Jamani, pointi ni hii. Mwezi mmoja, dunia imepinduka mara mbili. Amerika wamemchagua mtu ambaye babake Mluo. Mluo! Mimi nimesoma na Waluo, nimecheza nao mpira, walikuwa wananivunja miguu. Na hapa petu imetoka marsumu, amri ya Sultani: mwanamke ana haki ya kiwanja cha serikali sawasawa na mwanamme.

Methali: Mwanamke yupi?

Bara: Wote.

Methali: Hata aliyeolewa?

Bara: Aliyeolewa, asiyeolewa, aliyeachwa. Imeandikwa.

Balozi: Lete hapa.

Akavaa miwani, akalisoma gazeti kutoka juu kwenda chini, halafu kutoka chini kwenda juu. Tukamngoja.

Balozi: Hiki Kiarabu cha kisheria. Nimekizoea. Sasa sikilizeni. Haiwahusu wake zetu.

Bara: Imeandikwa wapi?

Balozi: Haijaandikwa. Sheria nzuri husomwa baina ya mistari.

Bara: Baina ya mistari mimi naona karatasi nyeupe tu, bwana. Hii kitu inaitwa sivil raiti. Dunia nzima wanayo.

Methali: Sivili naijua. Jeshini tukivua magwanda tunavaa sivili.

Bara: Si nguo, mzee! Haki za raia. Amerika ilikuwa mtu mweusi ana mlango wake, mweupe ana mlango wake. Bomba la maji mbalimbali. Mwaka sitini na nne ikatoka sheria: mlango mmoja, watu wote.

Balozi: Mwaka gani, umesema?

Bara: Sitini na nne.

Balozi akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanzu.

Balozi: Basi mwaka waliooneshwa wenzetu mlango wa kuingilia, ndio mwaka tuliooneshwa sisi Unguja mlango wa kutokea.

Tukacheka, lakini kicheko kilichelewa kidogo kufika. Methali akaona ni zamu yake.

Methali: Ndiyo maana wahenga wakasema, mlango mmoja haukai mafahali wawili.

Balozi: Hiyo si methali, yakhe. Hiyo ni ajali ya methali.

Bara: Turudi kwenye pointi. Hapa Oman mambo yamekuja kidogo kidogo. Tisini na nne, wanawake wa Maskati wakaruhusiwa kupiga kura na kugombea. Tisini na sita, Sheria ya Msingi: asili, rangi, lugha, mwanamme, mwanamke, wote sawa mbele ya sheria. Tisini na saba ikafika kwetu mikoani. Elfu mbili na tatu, kila mtu mzima anapiga kura. Sasa viwanja.

Balozi: Miye nilipiga tisini na saba. Sikungoja elfu mbili na tatu na kundi lenu. Nilichaguliwa kuwa mchaguzi.

Bara: Na mama watoto?

Balozi: Nini mama watoto?

Bara: Elfu mbili na tatu alipiga?

Balozi: Jua lilikuwa kali. Nikamwambia akae, ntampigia na yeye.

Bara: Kura mbili?

Balozi: Moja. Lakini niliipiga kwa niaba.

Methali akammiminia kahawa, akatikisa kichwa kwa huzuni kama mtu aliyeelewa. "Chelewa chelewa," akasema, "utakuta mwana si wako." Balozi akataka kujua hiyo inahusu nini. Methali akasema haihusu kitu, ila ni ya kweli.

*

Jumapili yake, saa mbili asubuhi, nikamwona mke wa Balozi amesimama njiani nyuma ya msikiti, kajitanda buibui jeusi, kashika mkoba kifuani kwa mikono miwili. Sisi sote tukimwita Mama Ghaith, kwa jina la mwanawe wa kwanza, anayefanya kazi Suhar. Nikasimamisha gari.

— Shikamoo, Mama Ghaith.

— Marahaba, mwanangu. Nipeleke Nizwa. Usingoje abiria wengine.

Akakaa nyuma. Tukavuka mashamba ya mitende tukaingia barabara kubwa. Mara akauliza:

— Nasr, ile ofisi ya viwanja unaijua?

Gari nusura liniponyoke.

— Naijua, mama.

— Basi ndiko huko.

Nikatazama kwenye kioo. Alikuwa anatazama milima, uso wake mtulivu, lakini ule mkoba alikuwa akiubana kama mtoto mgonjwa.

— Mzee Harub anajua?

— Anajua kuwa nimekwenda kumtazama mgonjwa. Na mgonjwa yupo, nishamtazama alfajiri. Sikusema uongo.

Halafu, bila ya kuulizwa, akaanza kuzungumza, kama watu wanavyozungumza na dereva kwa kuwa hawamwoni uso.

— Miye nimetoka Wete na miaka kumi na tano. Nyumba ya baba tuliiacha na sufuria jikoni. Nikaolewa hapa. Nyumba ya Harub ni nzuri, alhamdulillahi, sina la kulalamika. Lakini ilikuwa ya mama yake kabla haijawa yake. Nilitaka kupanda mlimau uani. Mama mkwe akasema mizizi itapasua ukuta. Sawa. Mama mkwe akafa, Mungu amrehemu. Nikamwambia Harub, sasa nipande mlimau? Akaniambia: "Mama hakuutaka."

Akacheka peke yake.

— Miaka thelathini na tatu, mwanangu. Harub hajaninyima kitu hata siku moja. Lakini hakuna siku ambayo sikuomba. Msumari, naomba. Pazia, naomba. Nataka mlango ambao nikiufunga, nimeufunga mimi.

Ofisini palikuwa na wanawake zaidi ya ishirini, wengine vijana na simu mkononi, wengine wakubwa kuliko yeye. Aliponiita nimsaidie kushika miwani na kalamu, karani, msichana wa Kinizwa mwenye sauti ya upole, alikuwa anamuuliza kwa Kiarabu:

— Jina kamili?

Mama Ghaith akajibu:

— Mahfoudha bint Ishak.

Miye nimemjua bibi yule tangu nilipokuwa mtoto wa kutumwa sukari. Siku ile ndiyo kwanza nasikia jina lake. Karani akamwomba namba ya simu. Mama Ghaith akasema ya nyumbani inapokelewa na mumewe, kwa hivyo bora waache pale patupu. Akaandika mtaa tu. Alipofika mahali pa kutia saini, akakaa muda mrefu.

— Tatizo, mama? karani akauliza.

— La. Nakumbuka inavyoandikwa.

Akaandika polepole, kwa mwandiko wa chuo cha Kurani, herufi moja moja, zimekaa wima kama zinasikiliza khutba.

Tuliporudi, kabla hajashuka, akaninyooshea kidole.

— Hii safari ni amana.

— Amana, mama.

Na miye nikajua nimekwisha. Maana kila siku alasiri nakaa bega kwa bega na mumewe.

*

Wiki zilizofuata habari zikaenea kuwa ofisi ya Nizwa imefurika wanawake. Benchini hapakuwa na mazungumzo mengine. Kila siku nadharia ikazaa nadharia, na kila moja ilikuwa kubwa kuliko mama yake.

Bara: Pointi ni hii. Wakipewa viwanja, watapewa pahala pamoja. Itazuka mji mzima wa wanawake baina ya Izki na Nizwa. Barabara zitakuwa safi, hapatakuwa na gereji, na mwanamme akitaka kuingia itabidi awe na viza.

Methali: Viza ya utalii au ya kazi?

Bara: Inategemea na mke.

Balozi: Mnacheza, na jambo ni zito. Kila nyumba itakuwa mbili. Mume na kiwanja chake, mke na chake, katikati jangwa. Ndoa itakuwa kwa simu. Watoto tutawalea kwenye mzunguko wa barabara, mama apite kwa zamu na baba kwa zamu.

Bara: Nani kafaidika? Jiulize. Wauza saruji! Hii marsumu wamefurahi wauza saruji.

Methali: Na wauza rangi. Mwanamke hapaki nyeupe.

Balozi: Na mwanamme akitolewa nje, ataishi wapi? Hapa! Benchini! Itabidi serikali itoe marsumu nyingine, kila benchi lipewe kiwanja.

Hapo Methali akanyoosha mkono wake mrefu, akasema kwa uzito, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe."

Kwa mara ya kwanza hakuna aliyebisha. Tulikuwa bado tunaipima kama imeingia au haijaingia, Bara alipoleta balaa.

Bara: Balozi, na wa kwako keshaomba?

Balozi: Wa kwangu?

Akacheka. Kicheko chake kilikuwa cha raha, cha mtu aliyeulizwa kama jua litatoka kesho. Miye nikainama kufunga ndara ambazo hazina kamba.

Balozi: Wa kwangu hata hiyo ofisi haijui ilipo. Na ana haja gani? Kakosa nini? Nyumba anayo, friji mbili, mashine ya kufulia ya kisasa. Wallahi, akionekana kaomba kiwanja, mwaka mzima ntakaa kwenye hiyo springi. Nasr, weye dereva, unapeleka watu Nizwa kila siku. Ushawahi kumwona?

Macho sita yakanigeukia.

— Ami Harub, nikasema, miye nikiendesha natazama mbele.

— Umesikia? akasema Balozi. Jawabu la mtu mwenye akili.

Kahawa ikanipalia. Methali akanipiga mgongoni mpaka machozi yakanitoka.

*

Ilikuwa mwezi wa Aprili, joto limeanza kukaza, alipotokea kijana mmoja na gari jeupe. Alikuwa na dishdasha safi, kanzu ya huku, na faili la kijani kwapani. Akasalimia kwa Kiarabu, akasikia Kiswahili chetu, uso wake ukang'aa.

— Shikamoo, ami zangu. Mimi naitwa Luay, nafanya kazi ofisi ya viwanja Nizwa. Bibi yangu ni mtu ya Unguja, lakini Kiswahili yangu kidogo imevunjika.

— Marahaba, mwanangu, akasema Methali. Kaa. Iliyovunjika huungwa. Kahawa?

— Shukran, ami, nina haraka. Natafuta nyumba ya mtu moja. Jina yake Mahfoudha bint Ishak. Anakaa wapi?

Swali lenyewe lilikuwa jepesi namna hiyo.

Methali akafikiri. "Mahfoudha... Palikuwa na Mahfoudha kule Samail, akipika halua. Kafa."

Bara akafikiri zaidi. "Ishak mimi namjua mmoja, fundi wa rejeta. Hana binti. Ana paka."

— Mtaa ni hii ya nyuma ya msikiti, akasema Luay. Mama mkubwa kidogo. Ameolewa.

— Ahaa! akasema Methali. Sasa tunafika. Mke wa nani?

Luay akafungua faili, akatazama.

— Sijui, ami. Hapa hakuna jina ya mume. Karatasi ni yake.

Nikamtazama Balozi. Alikuwa ameshika kikombe hewani, nusu ya njia baina ya goti na mdomo. Kwetu mtu akitosheka na kahawa hukitikisa kikombe, asipokitikisa atajaziwa. Balozi hakukitikisa. Methali akamjazia. Akanywa bila ya kuonja. Methali akamjazia tena. Akanywa. Masikio yake yalikuwa yamegeuka rangi.

Mtaa wa nyuma ya msikiti una nyumba kumi na moja. Katika hizo kumi na moja wapo Mama Ghaith, Mama Mazoon, Bi Mkubwa, mke wa Mwalimu, Khala wa Samail. Mahfoudha hayupo. Methali na Bara, watu waliokula harusi ya Balozi na wakala akika ya kila mtoto wake, walikuwa wanakuna vichwa kweli kweli, hawafanyi mzaha.

— Ni jambo la maana? Bara akauliza.

— Kiwanja yake imetoka, akasema Luay. Lazima atie saini mwenyewe, mkono yake. Hakuandika simu. Nimepewa mpaka leo kwa sababu mimi nakaa Izki. Ikirudi bila saini, jina linatoka kwenye orodha, anaanza mwanzo na watu wapya.

Akatutazama mmoja mmoja. Akanifikia miye. Nikafungua mdomo, nikakumbuka kidole cha yule mama, nikaufunga. Nikaufungua tena. Siku ile nilijifunza kwamba amana inaweza kumkaba mtu koo kama mwiba wa changu.

— Basi, akasema Luay, akafunga faili. Nitaandika: hapatikani. Nisameheni, ami zangu.

Akageuka. Akafika kwenye gari. Akafungua mlango.

Balozi alikuwa anatazama lami. Angenyamaza tu sekunde kumi zaidi. Asingesema uongo, asingemkataza mtu, asingegombana na yeyote. Gari lingeondoka, na nyumbani kwake friji mbili zingeendelea kunguruma kama jana. Niliona kabisa kuwa amelifikiria hilo, maana alimeza mate bila ya kuwa na kahawa mdomoni.

Akatikisa kikombe. Akamrudishia Methali.

— Kijana, akasema. Namjua.

Luay akageuka. Bara na Methali wakageuka.

— Namjua, akarudia Balozi, akasimama. Nnalala nyumba moja na yeye. Twende.

Methali alitaka kusema methali. Mdomo ulifunguka, nikaona imefika kwenye ulimi. Bara akamkanyaga mguu.

Tukatembea wote watano mpaka nyuma ya msikiti. Mlango wa nyumba ya Balozi ulikuwa wazi nusu, harufu ya bizari inatoka. Balozi akanyoosha mkono kwa Luay.

— Lete, nimpelekee ndani atie saini.

— Samahani, ami. Lazima mbele yangu.

— Mimi mume wake.

— Najua, ami. Lakini ni yeye.

Balozi akasimama kizingitini. Kwa kawaida akifika mlangoni hukohoa, au huita, "Enyi watu wa nyumba!" Akakohoa. Hapakutoka mtu, mashine ya kufulia ilikuwa inanguruma uani. Akaita, "Mama Ghaith!" Mashine ikaendelea kunguruma. Majirani wawili walikuwa washasimama kutazama. Balozi akashika fremu ya mlango, akavuta pumzi, akaita kwa sauti ambayo nadhani ilisikika hadi kituo cha teksi:

— Mahfoudha!

Mashine ikazimwa.

Akatokea na mikono imelowa, kajifunga kanga juu ya nguo. Akamtazama mumewe, akatutazama sisi, akaona faili la kijani. Akaelewa yote kwa mara moja. Lakini hakurudi ndani.

— Umeniita?

— Nimekuita, akasema Balozi. Una mgeni.

Akafuta mikono kwenye kanga, kidole kimoja kimoja. Luay akamwonesha mahali. Safari hii hakukaa kukumbuka inavyoandikwa.

*

Tuliporudi, Balozi alipunguza mwendo ili wenzetu watutangulie.

— Ulijua, akaniambia.

— Nilijua, ami.

— Tangu lini?

— Tangu Novemba.

— Na miye nikaapa mbele yako, nawe ukanyamaza.

— Abiria ni amana.

Akatembea hatua kadhaa.

— Kwa nini hakuniambia? Ningemkataza, weye unavyoniona?

Akajijibu mwenyewe.

— Ningemkataza.

Halafu, karibu na duka, akasema jambo ambalo si la Balozi, lilikuwa la Harub.

— Nilidhani ana kila kitu. Nilikuwa nikivihesabu: hiki anacho, hiki anacho. Kumbe vyote nimempa miye.

Siku ya pili akaja wa kwanza benchini, akakaa juu ya springi. Bara akamwambia, basi bwana, kiapo cha utani, sogea. Hakusogea. Kwa siku kadhaa hakutoa nadharia yoyote, na kijiwe kikapooza mpaka Bara akawa anasoma matangazo ya magari kwa sauti.

Nyumbani, kama alivyonieleza mwenyewe baadaye, hawakugombana. Ingekuwa nafuu kugombana. Alimuuliza mkewe usiku wa kwanza, "Unanihama?" Mkewe akamjibu, "Sijahama. Nimepata pa kwenda na kurudi." Akakaa siku nne anaitafuna hiyo. Siku ya tano akamwomba mkewe ampeleke kukiona kiwanja.

Ndivyo ilivyokuwa kwamba asubuhi moja ya Alkhamisi teksi yangu ikajaa watu bila ya kukaa kwenye foleni. Balozi alishika mlango wa mbele kwa mazoea. Mkewe alikuwa keshakaa. Ikabidi abanane nyuma na Bara na Methali, ambaye alipakata chupa ya kahawa na bakuli la tende.

Kiwanja kilikuwa nje ya mji, kwenye uwanda wa changarawe, milima kwa nyuma. Hapakuwa na kitu. Vigingi vinne vya saruji, kila kimoja kimepakwa rangi nyekundu kichwani, na namba. Upepo, mfuko wa plastiki, basi. Methali alitazama kulia, akatazama kushoto, akasema, "Ni kizuri," kama mtu anayesifia mtoto mchanga asiyemwona vizuri.

Mahfoudha akashuka. Akatembea peke yake, akapita baina ya vigingi viwili, akaenda mpaka katikati, akasimama. Akazunguka polepole, anatazama pande zote nne. Akanyanyua mkono, akaonesha kitu hewani, huenda dirisha. Midomo yake ilikuwa inakwenda.

Bara akapiga hatua kumfuata. Balozi akamshika mkono wa dishdasha.

— Unakwenda wapi?

— Kuona kiwanja.

— Hivi hivi tu?

Bara akatazama uwanda mtupu, akamtazama Balozi. Balozi akasogea mpaka kwenye mstari wa vigingi, pale ambapo pengine siku moja patakuwa na ukuta. Akasimama nje ya mstari. Akaweka sawa kofia yake. Kwenye jangwa lile lisilo na mlango, wala bati, wala hata tofali moja, akaita:

— Hodi!

Mkewe akageuka. Akanyoosha shingo, kama mtu aliye jikoni na anataka kujua kwanza ni nani anayebisha.

— Nani?

— Harub.

— Harub yupi?

Bara akashika tumbo. Methali akageukia milima, mabega yanatikisika. Harub akakohoa.

— Harub bin Said. Nimekuja kukutazama. Nina jamaa zangu na kahawa.

Mkewe akaitazama miguu yetu, akasema:

— Karibuni. Lakini vueni viatu.

Changarawe zilikuwa za moto. Harub akainama, akavua kiatu cha kwanza.